Mazishi Nyuma ya Jiko la Nyanya

Jumamosi iliyopita nilipanda hadi Gesima, kijijini kwetu, rafiki yangu, si kwa shughuli yoyote, ni kuchoka tu. Kazi yangu mjini Nyamira ni kukaa sakafuni na watoto walioumia moyoni, tukicheza na wanasesere na udongo mpaka lile wasiloweza kulisema lijitokeze. Watu huniuliza, "Kwani wewe unalipwa kucheza?" Zamani nilikuwa nawaeleza. Siku hizi nacheka tu.

Nyuma ya jiko la nyanya sasa pamepandwa majani chai mpaka ukutani. Nilisimama pale viatu vikilowa umande, nikijaribu kukumbuka yale makaburi yangu madogo ya utotoni yalikuwa wapi hasa.

Nilikuwa na miaka saba mama alipofariki. Hakuna aliyeniambia. Siku ya mazishi nilifungiwa kwa jirani, nikapewa ndizi za kuchemsha na maziwa lala, nikasikia nyimbo za kanisa zikipenya dirishani. "Mama yako amesafiri," jirani alisema. Tangu siku hiyo nikanyamaza. Mwalimu alidhani ni kiburi. Wengine walisema nimeharibika.

Nyanya akawa anakwenda nami shambani. Yeye alichuma chai, mimi nikakaa kati ya mistari nikisikiliza vidole vyake vikikata majani. Mchana, alipokuwa akipika ugali wa wimbi na mboga chungu, mimi nilikuwa nyuma ya jiko nikifunga mwanasesere wa magome makavu ya mgomba. Nikishamvika kitambaa, nachimba shimo, namzika. Kesho yake natengeneza mwingine.

Jirani akaniona siku moja.

"Magokoro," akamwita nyanya kwa lugha yetu, "mtoto huyu anaita kifo hapa bomani. Mchape aache."

"Mwache," nyanya akajibu. "Sisi tulilia tukamaliza. Yeye hatukumpa nafasi."

Jirani alipoondoka, nyanya aliacha sufuria motoni, akaja akaketi mchangani, miguu ameinyoosha.

"Tunamzika nani leo?"

Nikazidi kuchimba. Hakuuliza tena. Alishika udongo kidogo mkononi, akangoja. Nikasikia harufu ya mboga zikiungua, naye hakuinuka.

"Mama," nikasema.

"Basi tumwimbie."

Aliimba kwa Ekegusii, sauti ya chini, mpaka nikalia kwa kwikwi. Jioni ile tulikula mboga zenye ladha ya moshi. Tulizika mara nyingi baada ya hapo, labda mwezi mzima. Halafu siku moja nikamfunga mwanasesere kikapu mgongoni, nikamtembeza kati ya mistari ya chai. Nyanya alimtazama, akasema tu, "Huyo achume haraka, mvua inakuja."

Nyanya hayupo tena, na wanawake wa rika lake wamebaki wachache sana kule Gesima. Kinachonichosha si watoto. Ni yule mzazi anayesimama mlangoni, simu mkononi, akiniuliza, "Madam, ataongea lini?" Nami natazama saa, kwa sababu mtoto mwingine anangoja nje. Nyanya hakuwahi kukaa darasani akafundishwa kazi hii. Alasiri ile ya mboga kuungua, alinipa yote. Mimi, miaka yote hii, sijampa mtoto hata mmoja alasiri nzima.