Suruali Iliyosimama Chini ya Mwezi

Haya ninayokusimulia yalinipata mwenyewe hapa Guangzhou, nikiwa mzima, sina homa wala sijameza kitu. Wapo watakaosema huyu anatafuta sifa. Sifa ninazo tayari. Fika Kariakoo uulize nani analeta jinzi zisizochakaa magotini, utapelekwa mpaka mlangoni kwangu. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kunadi mitumba chini, pale Karume, sauti ikakauka, na leo nakunywa chai meza moja na wenye viwanda vya Xintang. Mtu kama mimi ana haja gani ya kutunga uongo?

Sasa sikiliza. Mimi na mke wangu, Mama Zaituni, tuna mchezo wetu. Kila mwezi unapokuwa mpevu nami niko China, naupiga picha namtumia kwenye simu. Huku kunakuchwa kwanza, kwa hiyo picha inamfikia Mbagala ikiwa bado alasiri, jua kali, na yeye anaenda kuwaonyesha majirani. Anawaambia, "Mume wangu ananiletea mwezi kabla haujafika." Niambie, ni mwanamume gani mwingine pale mtaani anayeweza hilo?

Jioni ile nilishaswali isha, nimekula, nikatoka hotelini Xiaobei kuutafuta mwezi. Kwapani nilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko suruali moja ya jinzi. Ilikuwa sampuli. Nilitoka nayo Dar, wenye maduka wote waliokuwa wameniagiza waliitaka hiyo hiyo: bluu iliyopauka mapajani kidogo, kama imevaliwa na mtu mwenye adabu. Asubuhi yake nilitakiwa kuifikisha Xintang. Laoban wa kiwanda, ndivyo tunavyowaita wenye mali huku, alikuwa amenishikia mashine kwa siku hiyo tu. Bila sampuli hapigi rangi, kwa sababu picha za simu zinadanganya rangi na kila mmoja wetu amewahi kulia kwa hilo. Nikiikosa siku ile, mashine zinakwenda kwa mteja mwingine, na mzigo wangu wa mwisho wa mwaka haupo. Ndiyo maana nilitembea nayo. Chumba cha hoteli sikiamini.

Nikaingia kichochoro cha nyuma, maana pale mwezi unatokeza vizuri kati ya maghorofa mawili. Nikaukuta umekaa katikati, mkubwa, mweupe kama sinia. Kumbe ulikuwa ule mwezi wa saba wa kalenda yao, ambao Wachina wanawachomea marehemu wao nguo za karatasi kando ya njia. Ukutani palikuwa na udi, mishumaa, debe la kuchomea lenye moto mdogo, na bunda la nguo za karatasi. Mtu hakuwepo.

Na hapa ndipo nilipokosea, kosa la sisi watu wa nguo. Mimi nguo ikinipita mbele lazima niipapase. Nikainama nikashika shati, karatasi nyororo, vifungo vimechorwa, kola imekaa sawasawa. Ulimi ukaropoka wenyewe kama niko sokoni: "Duoshao qian?" Yaani bei gani.

Nyuma yangu mtu akajibu, "Hizo haziuzwi."

Nikageuka. Mzee wa Kichina, mwembamba, kiunoni amejizungushia ile nailoni ya kufungia mabelo. Juu hana kitu, chini hana kitu.

"Kila nguo hapo ina mwenyewe," akasema. "Imeandikwa jina. Mimi sina wa kuniandikia. Watu wangu wako mbali na hawajui nilipoishia."

Niamini, Kichina changu ni cha "bei gani", cha "ghali mno" na cha "hakuna". Lakini yule mzee alisema maneno yote hayo nikayaelewa kama nazungumza na jirani. Hilo peke yake lilitosha kunikimbiza. Mbona sikukimbia? Miguu ilikuwa mizito. Na makelele ya Xiaobei, teksi, wachoma nyama, vijana wa mizigo, yote yalikuwa yamekatika. Nilisikia utambi wa mshumaa tu.

Akautazama mfuko wangu. "Mwenye nguo anapapasa za karatasi," akanicheka. "Bei gani hiyo?"

"Haiuzwi, mzee. Ni sampuli."

"Nyote husema hivyo mkitaka kupandisha."

Maneno yangu mwenyewe hayo, ninayowaambia wauzaji kila siku. Nikamjibu, "Bila hii kesho sina kazi. Watu wananisubiri."

"Umeuliza bei kwenye nguo zetu," akasema, taratibu, bila ubaya. "Biashara umeifungua wewe. Ifunge."

Akanyoosha mkono mpaka ndani ya mfuko, akageuza upindo wa mguu wa suruali, akaukagua mshono kama mjuzi. Mkono wake uliponigusa ulikuwa na baridi ya chupa iliyotoka kwenye friji. Lakini kilichonimaliza si baridi. Ni jinsi alivyoishika ile nailoni kwa mkono wa pili isimdondoke. Mimi nimewahi kukaa chumbani Tandika mchana kutwa nimejifunga shuka, nangoja suruali yangu moja ikauke. Hali ile naijua. Mbele yangu kulikuwa na mtu anayeingoja bila mwisho.

Nikasema, "Chukua, mzee. Nitajua mbele ya safari."

"Siwezi kuchukua. Nipelekee." Akaonyesha debe.

Nikaitumbukiza motoni. Jinzi unaijua inavyogoma kuungua. Ile ilishika kama karatasi, bila moshi, bila harufu. Mzee akasema, "Ulikuja kupiga picha. Piga." Nikainua simu, nikaupiga mwezi. Niliposhusha mikono kichochoro kilikuwa kitupu na teksi zinapiga honi.

Nikaituma ile picha kwa mke wangu, hata sijaitazama. Akajibu papo hapo: "Mwezi mzuri, baba Zaituni. Lakini huyo mzee umemvalisha suruali, viatu ukamnyima?"

Nikaifungua. Mimi mtu sikumwona. Niliona mwezi juu, na chini yake suruali yangu imesimama wima peke yake, imejaa kama ina miguu ndani, kila uzi unaonekana, na bluu ile ile, haikupungua wala kuzidi.

Asubuhi nikaenda Xintang na simu tu. Laoban akaitazama muda mrefu. Hakubishana rangi, hakuuliza sampuli. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu cha heshima, akawaita wapiga rangi. Mzigo ulitoka vile vile. Kariakoo uliisha kabla sijafungua belo la mwisho, na vijana waliipa ile jinzi jina, mbalamwezi. Mpaka leo wanaiulizia hivyo.

Tangu hapo, kila mwaka ule mwezi ukifika, nakwenda kichochoroni na zawadi. Mwaka uliofuata nilipeleka viatu, nikapiga picha, Mama Zaituni akaniambia vinamtosha. Kisha shati la mikono mirefu. Siombi kitu pale, mimi ni Mwislamu, namwomba Mungu wangu msikitini. Shehe akiniuliza, nitamwambia nimemvika aliye uchi.

Wewe unayekuja Guangzhou, nakuonya. Ukikuta nguo zimewekwa chini kando ya mishumaa, pita, na mdomo ufunge, usiulize bei. Kama umeshauliza, usikimbie. Ifunge biashara yako kwa moyo safi, kwa sababu sijui anayekimbia hufuatwa mpaka wapi, wala sitaki kujua.

Mimi bado naona nguo tu zimesimama chini ya mwezi. Uso namuuliza mke wangu kila mwaka. Mwaka huu ameniambia, "Kazeeka vizuri. Anakucheka, anaangalia koti lako."

Koti lenyewe la ngozi, nalipenda. Nimeshalipeleka kwa dobi.