Gari la Kijivu Mbele ya Hamamu ya Larkmoor

Stanko Verhovec alizaliwa mwoga, na hakuwaficha jambo hilo waliomjua vizuri. Utotoni alimwogopa baba yake, Mslovenia aliyekuwa akirudi kutoka kiwanda cha chuma akinuka moto. Alipokua akaingia kiwanda hichohicho, akawaogopa wenzake, maana alijua watamfanya nini siku watakayogundua macho yake yanaelekea wapi. Aliogopa mbwa, daktari, barua za serikali, na simu inayolia alfajiri. Kwa hiyo mwaka wa tisini na moja, yeye na mwenzake Gordon waliponunua jengo la mabafu la zamani pale Larkmoor, kando ya Ziwa Erie, na kulifungua kuwa hamamu ya wanaume wanaopenda wanaume, dada yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe? Wewe unayelala na taa?"

"Humo ndani ndimo pekee nisimoogopa," Stanko alimjibu.

Na ilikuwa kweli. Ukishavuka mlango ule wa pili, ukapewa taulo na ufunguo, hukuwa na jina wala mke wala mchungaji. Ulikuwa mtu tu, unatoka jasho na watu wenzako.

Larkmoor yenyewe ilikuwa imeshachuja. Zamani treni zilimwaga watu kutoka Cleveland kila Jumamosi, wakija kuogelea na kucheza dansi. Sasa bembea kubwa ilikuwa imeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ukumbi wa dansi umeungua, na hoteli tano kati ya saba zimepigiliwa mbao madirishani. Jengo lilipatikana kwa bei ya gari. Wenyeji walijua kinachofanyika mle, ila wanaume waliokuja hamamu walikula mayai kwenye mgahawa na kulala kwenye vyumba vya bei nafuu hata mwezi wa Januari, wakati ziwa limeganda na hakuna mgeni mwingine aliye na akili timamu anayefika. Mji wenye njaa hauulizi mgeni ametoka kufanya nini.

Gordon alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka wa elfu mbili na sita. Stanko akabaki na Thaddeus Pickett, mtu mweusi wa Cleveland aliyewahi kuendesha malori, bingwa wa maneno, aliyekaa dirishani kupokea wageni. Biashara ikaendelea, halafu ikaanza kukohoa. Zikaja simu za mkononi. Vijana wakawa wanatafutana wakiwa wamejilaza vitandani kwao. Nani alipe dola ishirini na mbili akae kwenye mvuke na wazee wenye vitambi? Gesi ilipanda bei. Boila, mtambo wa kuchemsha maji, ilikuwa na umri wa Stanko mwenyewe. Kampuni moja ya majengo ilishamwandikia mara mbili kwamba inataka kiwanja. Kilichomshikilia ni Alhamisi.

Alhamisi mchana ilikuwa siku ya wastaafu. Walikuja wazee ishirini, ishirini na watano, kila wiki, mvua au theluji. Mmoja alimwambia mkewe anakwenda kuvua samaki, mwingine kucheza boling, ule mchezo wa kuvingirisha mpira mzito. Mmoja alisema anakwenda kwa daktari wa meno, na alisema hivyo kwa miaka kumi na minane.

"Meno gani hayo yasiyoisha?" Thaddeus alimwuliza. "Mkeo ameolewa na mamba?"

Hao ndio waliolipa gesi. Stanko alijua vizuri: Alhamisi ikifa, hamamu inazikwa Jumatatu.

Alhamisi ya kwanza ya Februari, mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, gari la kijivu liliegeshwa ng'ambo ya barabara saa saba mchana, likakaa mpaka saa kumi. Injini ilikuwa inaunguruma, vioo vimejaa ukungu. Stanko alikuwa akisukuma theluji mlangoni. Kila gari lilipoingia uani, mkono ulifuta ukungu kidogo kwenye kioo, halafu kichwa kikainama. Aliyemo alikuwa anaandika.

Aliingia ndani bila kumaliza theluji.

"Thad. Kuna mtu anaandika namba za magari."

Thaddeus alifuta kioo cha dirisha akachungulia. "Polisi hawakai kwenye mkweche kama ule, bosi," alisema.

"Ndiyo maana naogopa."

Alhamisi iliyofuata gari lilirudi. Wazee waliliona. Wanaume walioishi maisha yao yote wakitazama nyuma hawahitaji kuambiwa mara mbili. Wawili waligeuza magari palepale uani wakaondoka. Wiki ya tatu waliingia kumi na wanne. Wiki ya nne, tisa, nao walikaa kwenye mvuke, kila mlango ulipolia wakigeuza shingo pamoja kama kuku waliosikia kipanga.

Stanko alikaguakagua kufuli. Miaka ya nyuma kuna mtu aliwahi kulipiga risasi bango lao. Tundu lilizibwa, ila moyoni mwake halikuzibika. Kila akifumba macho aliona petroli ikipita chini ya mlango na wazee wakitafuta suruali zao gizani. Alifikiria kuita polisi. Halafu akafikiria askari akija na daftari, akiuliza: nani na nani walikuwepo? Akarudisha simu mahali pake.

Kisha Profesa akaja. Hilo lilikuwa jina lake la humo. Stanko hakumjua kwa jingine. Alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, mwenye kuvaa tai hata akienda kutoka jasho. Alikuja Jumanne, siku isiyo yake, akasimama dirishani bila kuvua kofia, akasukuma karatasi kupitia tundu la kioo.

Barua ilikuwa ya mistari miwili, mwandiko mzuri wa kizamani. *Najua unakwenda Larkmoor siku za Alhamisi. Ningependa kuzungumza nawe.* Chini kulikuwa na namba ya simu.

"Imewekwa kwenye sanduku langu la barua," Profesa alisema. "Nyumbani. Mtu alinifuata, Stan. Alinifuata mpaka kwangu. Mke wangu ndiye huwa anafungua barua. Jana tu ndiyo bahati alikuwa na mafua." Akatoa kadi yake ya uanachama, akaiweka juu ya karatasi. "Miaka ishirini na miwili. Niombee."

Hakurudi tena.

Thaddeus aliichukua ile barua akaisoma mara tatu. "Huyu anataka pesa. Mtishaji huanza kwa adabu hivi. Nimpigie?"

"Usiguse simu!"

"Basi ufanye nini? Ukae humu usubiri watishwe wote, mmoja mmoja? Bosi, nakupenda, lakini kunguru mwoga hulinda ubawa wake tu. Hao wazee wana ubawa gani?"

Maneno hayo yalimchoma. Alhamisi, saa nane mchana, Stanko alivaa koti, akachukua spana kubwa ya boila, akairudisha, akaichukua tena na kuificha kwenye mkono wa koti. Barabara ile ilikuwa na upana wa hatua kumi na tano. Aliiona kama ziwa zima. Alifika, akagonga kioo, na ukungu ulipofutwa akaona uso wa bibi kizee aliyevaa kofia ya sufu ya zambarau.

Yule bibi naye aliogopa. Alifunga milango yote kwa kishindo kimoja. Wakabaki wakitazamana kupitia kioo, wote wawili wakihema.

"Unataka nini kwa watu wangu?" Stanko alisema. Alitaka iwe sauti nzito, ikatoka nyembamba.

Kioo kilishuka upana wa vidole viwili. "Wewe ndiye mwenye hapa?"

"Ndiyo."

"Naitwa Bernadette Ruhl. Mume wangu alikuwa Alvin Ruhl. Miaka ishirini na minne alikwenda boling kila Alhamisi. Amekufa Novemba. Nikatangaza kwenye gazeti, nikapika nyama ya watu hamsini. Hakuja hata mmoja wa boling. Hata mmoja, bwana! Nikaenda ukumbi wa boling kuwauliza, wakaniambia hawajawahi kumsikia." Alifungua kiganja. Mlikuwa na ufunguo mdogo wa kabati wenye namba na jina la hamamu. "Huu ulikuwa kwenye sanduku lake la vifaa. Nataka mtu mmoja tu aliyemjua. Mmoja anieleze niliishi na nani."

Stanko aliutambua ufunguo. Humo ndani Alvin aliitwa Buck, mnene, mcheka ovyo, aliyekuwa akiingia chini ya boila na kuitengeneza bure huku akiimba vibaya. Wote walidhani amehamia Florida.

Lakini nyumba ile ilisimama juu ya sharti moja: asiyekuwemo haambiwi aliyekuwemo. Sio mke, sio hakimu. Wanaume walikuwa wamemkabidhi maisha yao kwa sharti hilo. Na pembeni ya sharti kulikuwa na woga wa kawaida, ule wake wa siku zote, unaomsukuma nyuma kwa kola.

"Simjui mumeo, mama," alisema. "Na tafadhali usije tena. Unaua watu."

Alirudi ndani akakaa juu ya rundo la taulo. Alipomwambia Thaddeus, mwenzake aliweka kalamu chini.

"Buck amekufa," alisema. "Na wewe umemkana mbele ya mkewe."

"Sharti, Thad."

"Sharti la kuwalinda walio hai. Buck unamlinda na nini sasa? Na wewe huo ni woga tu, umeuvalisha tai."

Gari halikuonekana tena. Ungedhani Stanko angepumua. Badala yake alianza kuogopa kitu kipya: uso ule wa kofia ya zambarau, na wazo kwamba atakufa bibi yule akiamini aliishi na kivuli. Baada ya wiki mbili aliichukua barua ya Profesa. Hakuweza kuipiga ile namba ya simu iliyoandikwa chini. Alitafuta jina la Ruhl kwenye kitabu cha namba za simu, akaendesha maili arobaini, akapita mbele ya nyumba mara nne kabla ya kusimama. Mlangoni alibonyeza kengele, akarudi nyuma hatua mbili.

Bernadette alimkaribisha jikoni. Stanko alisimama wima kama mtuhumiwa, akasema yote kwa pumzi moja.

"Nilimjua. Nilikudanganya. Alikuja kwa miaka mingi. Alikuwa ananitengenezea boila, hakutaka malipo. Alichekesha watu. Mgeni akija akiwa na hofu, yeye ndiye aliyekuwa akikaa naye, anamtania mpaka atulie. Walimpenda. Wangejua, wangekuja kumzika." Akasita. "Labda wangekaa nyuma kabisa. Ila wangekuja."

Alitarajia machozi, pengine shukrani. Bernadette alipiga meza kwa kiganja hata vikombe vikaruka.

"Alichekesha watu! Humu ndani alikuwa haongei! Miaka arobaini na mitatu naishi na bubu, kumbe mcheshi alikuwa anaachwa kwako kila wiki!" Alisimama akampa mgongo, akashika ukingo wa sinki. "Alikuwa anacheka vipi?"

"Eh?"

"Nimekuuliza, alikuwa anacheka vipi? Mimi siujui mcheko wake."

Stanko, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, alijaribu kumwigiza Buck akicheka pale jikoni. Kilitoka kitu kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Bernadette hakugeuka. Mabega yake yalitikisika, na mpaka leo Stanko hajui kama alikuwa akilia au vinginevyo.

Kabla hajaondoka, bibi alimpa karatasi yenye namba za magari kumi na saba. "Choma. Yule mwenye tai, mwambie sikukusudia kumtisha."

"Sijui anakoishi, mama. Ni wewe unayejua."

Hapo tu ndipo Stanko alipoona mama yule ameelewa alichokifanya. Aliziba mdomo kwa mkono. Hakukuwa na mtu wa kumwendea Profesa amweleze. Barua ya pili ingekuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Stanko aliwatangazia wazee kwamba hatari imekwisha. Baadhi walirudi, kumi, mara nyingine kumi na mmoja. Waliobaki woga ulishawaingia kwenye mifupa, naye hakuweza kuwalaumu. Alijaribu kufunga siku za katikati ya wiki. Alipunguza moto, wageni wakalalamikia baridi. Akauongeza, gesi ikamla. Boila ilipopasuka bomba Oktoba, hapakuwa na mtu wa kuimba chini yake. Mwezi uliofuata aliwauzia wale wa kampuni ya majengo.

Siku ya kuvunja jengo Thaddeus alikataa kuja. Stanko alikwenda peke yake, akasimama nyuma ya kamba na watu saba au wanane. Mashine iliuma ukuta, vigae vyeupe vya chumba cha mvuke vikaonekana hadharani, vikimeta juani. Alitamani akavifunike. Kando yake mtu asiyemfahamu, aliyevaa jezi ya timu ya mpira, alikuwa akitafuna andazi.

"Hapa palikuwa nini?" aliuliza.

Moyo ulianza mbio zake za siku zote. Stanko alishika kamba kwa mikono miwili.

"Hamamu ya mashoga," alisema. "Ilikuwa yangu. Miaka ishirini na mitano."

Yule mtu aliacha kutafuna. Alimtazama Stanko, akatazama vigae, akamtazama tena. Kisha akasogea hatua mbili kando, taratibu, akaendelea kutazama mashine. Stanko alibaki mahali pake, mpaka ukuta wa mwisho ukalala.