Mafundo Mia Moja Sitini na Manne

Kila jioni, kabla ya kunawa vumbi la mawe, Mama Marguerite alifunga fundo moja. Alikuwa na kamba ya nailoni, ile ya kushonea magunia, iliyoning'inia kwenye mti wa mlango wake pale Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na hakuna siku aliyoiruka. Juma aliloshikwa na malaria hata akashindwa kukaa, alimwamuru Chimène amletee kamba mkekani, akafunga fundo kwa meno na vidole viwili, kisha akageukia ukuta akalala.

Chimène, binti wa mdogo wake, alikuwa mwalimu. Alitoka Kasongo na diploma yake, akapewa saa za kufundisha saikolojia katika shule moja ya sekondari pale machimboni, akakaa kwa mama yake mkubwa kwa sababu hakuwa na pengine. Mwanzoni alidhani ile kamba ni namna ya rozari. Alipouliza, alijibiwa bila kugeuziwa uso.

"Ni hesabu yangu. Wewe uko na ya watoto wako wa masomo, siyo? Fanya ile."

Ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa Wamaza, akaolewa huko huko, na siku mume alipomwingiza mwanamke mwingine nyumbani, alichukua sufuria moja na kupanda pikipiki bila kumuaga mtu. Kwa miaka tisa alitwanga mawe ya shimo la Ruphin kwa mchi wa chuma, pamoja na wanawake wengine sita, chini ya hema lililotoboka. Vumbi lilimkaa kifuani. Alikohoa akitwanga, alikohoa akila, na jirani aliyempa pole alitazamwa kama mtu aliyemtukana. Hakupendwa, wala hakuonekana kutaka kupendwa.

Ruphin aliitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kama wanavyoitwa wenye mashimo wote huko, ingawa aliongoza shimo moja, wachimbaji kumi na wanne na pampu iliyokohoa kuliko Mama Marguerite. Shimo lake lilikuwa na sheria. Sabuni haishuki. Mtu hapigi mluzi chini. Na mwanamke hapiti kwenye mdomo wa shimo, kwa maana dhahabu ikisikia mwanamke hujificha ndani zaidi. Njia ya mtoni ilipita hapo hapo mdomoni. Wanawake walilazimika kuzunguka kilima chote na madumu ya maji kichwani.

Kisha shimo likanyamaza, halikutoa dhahabu tena. Juma la kwanza watu walicheka, la pili wakaacha kucheka. Juma la tatu Ibrahim, mchimbaji mzee kuliko wote, aliyeswali sala zote tano hata katika tope, akasema alimwona Mama Marguerite alfajiri akipita mdomoni mwa shimo na dumu lake, polepole, kama anayepita uwanjani kwake.

Siku ya Jumamosi Ruphin alikuja mwenyewe chini ya hema. Hakusalimu. Aliupiga teke mchi wa Mama Marguerite ukaanguka.

"Kazi ya wewe imesimama. Siku ya kwanza ya kazi utakuja mbele ya watu wa shimo. Kama huna neno la kusema, unatoka Salamabila."

"Shimo lako limekauka kwa sababu mnachimba kama panya," Mama Marguerite akajibu. "Huku, kule, huku. Ita panya mwenzako akusaidie."

Wanawake sita wakaendelea kutwanga, macho chini.

Jioni hiyo Chimène alimuuliza kama kweli alipita.

"Nilipita. Napita tangu zamani. Goti langu halitaki kilima." Akaivuta kamba mlangoni na kuitupa mapajani mwa Chimène. "Angalia basi, kwa kuwa unapenda kuuliza. Fundo moja, siku ya bure. Mafundo mawili yaliyobanana, siku shimo lilitoa. Penye kitambaa chekundu, siku ile nilipita pale mdomoni."

"Kwa nini ulifunga?"

"Waliniambia nikipita, zahabu inakimbia. Nikaamini. Nikataka kujua inakimbia siku ngapi." Alikohoa, akatema. "Sijaona inakimbia. Lakini bado nahesabu."

Chimène aliikagua kamba kidole kwa kidole mpaka mwanga ukaisha, akarudia kesho yake baada ya misa. Mafundo mawili yaliyobanana aliyahesabu kuwa siku moja. Kamba ya mwaka huo ilikuwa na siku mia moja sitini na nne za kazi. Siku arobaini na moja zilikuwa na kitambaa chekundu, na katika hizo shimo lilitoa mara tisa. Zilizobaki, mia moja ishirini na tatu, lilitoa mara ishirini na sita. Huku kidogo zaidi ya moja kati ya tano, huku vilevile. Shimo halikujua kwamba kuna mwanamke.

Mambo hayo aliyafundisha kila mwaka, darasa la tano la sekondari, ubao wa kushoto. Aliwaeleza wanafunzi habari za njiwa waliowekwa katika masanduku na kuangushiwa punje kila baada ya muda fulani, wafanye wasifanye. Baada ya siku chache njiwa mmoja alikuwa akizunguka kushoto, mwingine akitikisa kichwa kwenye pembe, kila mmoja akishikilia kile alichokuwa akifanya punje ilipoanguka. Aliwaambia kwamba akili ya mtu imeundwa kuunganisha mambo haraka. Aliyeona majani yakitikisika akakimbia bure hakupoteza kitu. Aliyengoja kuhakikisha kama ni chui, hatukutokana naye. Kwa hiyo tunakumbuka siku mwanamke alipopita na dhahabu ikakosekana, na siku aliyopita na dhahabu ikatoka haituachii alama yoyote. Mkulima wa karanga hana miiko mingi juu ya jembe lake, maana jembe analijua. Miiko hujaa pale mtu anapotoa jasho lote na bado bahati ndiyo inayoamua. Shimo la dhahabu ni mahali hapo.

Haya yote aliyaandika ubaoni miaka mitano, na hakuwahi kuhesabu kitu kwa mkono wake. Mama yake mkubwa, aliyeishia darasa la tatu, ndiye aliyehesabu.

"Mama Mukubwa, tuipeleke kesho. Waione wenyewe."

"Hapana."

"Ndiyo dawa ya maneno yao!"

"Nimesema hapana. Hii si ya kuonyesha watu. Nitawaambia goti linauma, nitaomba samahani mbele yao, nitalipa kuku, nitazunguka kilima. Yule Ruphin anataka nipige magoti. Basi, nitapiga lile moja linalokubali."

Chimène alisikitika kumwona mwanamke mkali hivyo akijiandaa kupiga magoti kwa kosa ambalo halipo. Asubuhi ya Jumatatu, Mama Marguerite alipokwenda kununua kuku, Chimène alifungua kamba mlangoni, akaiviringa, akaitia ndani ya mkoba wake wa shule pamoja na chaki.

Wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya rundo la udongo, Ruphin katikati juu ya kiti cha plastiki. Mama Marguerite alisimama na kuku wake kwapani. Alikuwa ameanza kusema, kwa sauti ya chini ambayo Chimène hakuwahi kuisikia kwake, "PDG, mimi ni mwanamke wa magonjwa, goti hili," ndipo Chimène alipojitokeza mbele.

"Ndugu zangu, huyu mama hana kosa, na ninao ushuhuda."

Akaikunjua kamba. Ilikuwa ndefu kuliko alivyokumbuka. Ilishuka kutoka mkononi mwake hadi chini, ikajikunja kwenye tope, fundo juu ya fundo, na vipande vyekundu vikitokeza.

"Kila fundo ni siku moja ya shimo lenu," alisema. "Haya mawili mawili ni zahabu yenu. Nyekundu ni..."

Hakumaliza. Ibrahim alikuwa amesimama. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo Chimène alilolikumbuka baadaye. Ulikuwa na hofu tupu.

"Amefunga," alisema. "Amefunga shimo! Siku kwa siku. Mnaona? Zahabu yetu iko mule, ndani ya mafundo!"

"Sivyo, Mzee Ibrahim, sikiliza, ni hesabu."

"Tangu chuo cha Kurani tulifundishwa kujikinga na wanawake wenye kupuliza mafundo. Leo nimewaona kwa macho."

"Na nyekundu je?" mtu akapaza sauti nyuma. "Nyekundu ni damu ya nini? Sema, Madame!"

"Ni kitambaa! Kitambaa cha kitenge!"

"Kumbe na Madame anajua. Wako wawili!"

"Fungua!" Ruphin akapiga kelele kwa Mama Marguerite. "Fungua yote hapa hapa!"

Mama Marguerite hakumtazama Ruphin. Alimtazama Chimène. Kisha akamwachia kuku, naye akakimbia kati ya miguu ya watu wala hakuna aliyethubutu kumshika.

"Hata nikifungua, mtasema nimebakiza moja," alisema. Sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi. "Chomeni. Nyinyi mmezoea moto kuliko akili."

Waliimwagia petroli ya pampu. Nailoni haiwaki vizuri. Ilinywea, ikatoa moshi mweusi, ikawa donge moja gumu. Ibrahim alilisukuma kwa mti mpaka mtoni, akaoga na nguo zote mwilini. Wakavivunja vyungu vya Mama Marguerite, hema la watwangaji wakalihamisha hatua hamsini. Kabla ya saa sita mchana alikuwa juu ya pikipiki ya kwenda Wamaza, na sufuria moja. Chimène alishika usukani akalia, akaomba msamaha. Mama Marguerite alimwambia dereva awashe.

Siku ya tatu, shimo likatoa. Halikutoa kidogo. Wachimbaji walipita barabara ya shule wakiimba, wakigonga masepeto yao, na mmoja akaingiza kichwa dirishani mwa darasa la tano: "Madame! Umeona sasa?" Wanafunzi walimgeukia Chimène. Aligeuka akafuta ubao wa kushoto.

Alijua kwamba siku mia moja sitini na nne zilisema dhahabu hutoka kwa zamu yake, na zamu ilikuwa imefika. Alijua pia kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu Salamabila atakayelisahau jambo hilo, na kwamba miaka ishirini baadaye mtoto ambaye hajazaliwa ataapa kwa hilo.

Alikwenda Wamaza mara moja tu, baada ya mwezi. Ndiyo mara ya mwisho kumwona. Kifua kilimuua Mama Marguerite baadaye, mvua zilipoanza. Siku hiyo alimkuta barazani kwa kaka yake, akimenya karanga, na juu ya mlango ilining'inia kamba mpya, bado fupi. Habari za mafundo zilikuwa zimefika Wamaza kabla ya pikipiki iliyomleta, na watu walimkwepa. Kwenye kamba hiyo, kaka alieleza, mafundo mawili yaliyobanana yalikuwa siku ambayo mtu asiye wa nyumba hiyo alimsalimu. Chimène aliona jozi mbili tu, akatazama pengine.

Hakukaribishwa kiti. Alikaa chini, akachukua karanga naye akamenya.

"Shimo lilitoa?" Mama Marguerite akauliza.

"Lilitoa. Siku ya tatu."

"Na kisha?"

"Nasikia linatoa. Watu wanasema linatoa sana."

"Wanasema." Ganda likapasuka kati ya vidole vyake. "Mara ngapi? Siku ngapi za bure?"

"Sijui, Mama Mukubwa. Kamba waliichoma."

"Najua walichoma, nilikuwa pale. Nakuuliza: tangu nitoke, ulifunga?"

Chimène alitikisa kichwa. Mama Marguerite akauvuta ungo upande wake, pamoja na zile karanga Chimène alizokuwa amemenya.

"Basi hata wewe haujui kama ni mimi ao si mimi."