Bwana Afya na Watoro Kumi na Wawili

Bwana Afya wetu amefariki. Nimeipata habari kwa simu ya binti yake, siku mbili baada ya mazishi, akiniomba radhi kwa kuchelewa kwa sababu namba yangu waliikuta kwenye daftari la marehemu walipokuwa wakipanga vitu vyake. Alifia nyumbani kwake Kilole, wakampandisha kwao Bungu kumzika. Niliuliza kama alikuwapo mtu yeyote wa shamba letu la zamani. Binti akasema, “Shamba gani, mama? Baba hakuwahi kutuambia habari za shamba.” Wasomaji wangu mnajua kwamba mimi si mtu wa kuandika tanzia, waliokufa wana ndugu zao wa kuwalilia. Lakini huyu nina deni naye, na si la fedha, na nimeshalichelewesha vya kutosha.

Kwa walio wageni wa ukurasa huu, mimi ni mtoto wa manamba. Baba yangu aliletwa Korogwe kukata mkonge kwa mkataba, akamaliza mkataba, akasahau njia ya kurudi kwao. Nilizaliwa kambini upande wa Mnyuzi, na baada ya darasa la nane na kozi ya miezi michache nikawa mpiga chapa wa ofisi ya shamba lile lile, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Shamba lilikuwa limeshataifishwa, wazungu wameondoka, na meneja alikuwa mwenzetu aliyekuwa akitumwa na shirika la umma kutimiza lengo la marobota ya singa, nyuzi za mkonge zilizokaushwa, ambalo sidhani kama malaika wangelitimiza. Wajukuu zangu hucheka nikiwaambia kwamba kwetu korona ilikuwa mashine ya kusaga majani ya mkonge, kubwa kama nyumba, miaka mingi kabla haijawa jina la maradhi.

Bwana Afya alikuwa mtu wa wilaya, akizunguka na baiskeli, koti la kaki na fimbo ndefu ya kupimia vina vya vyoo. Watoto walimwita Bwana Shimo. Hakuwa akimpa mtu mkono wala kunywa chai ya mtu, na kwa Wazigua na Wasambaa, watu wa salamu ndefu na ukarimu, hilo lilikuwa tusi. Mara ya kwanza kumwona alikuja kukagua kambi. Meneja akampa mnyapara amtembeze. Akakataa. Akasema ataanzia nyumbani kwa meneja. Akaingia, akatoka, akaandika kwenye karatasi, akaibandika mlangoni: choo hiki kifungwe. Meneja wa shirika la umma akawa anajisitiri kwenye choo cha kambi pamoja na wakata mkonge kwa wiki nzima, akipanga foleni asubuhi na taulo begani. Kambi ilicheka mpaka ikachoka, kisha watu wakaanza kuchimba vyoo vyao bila kusukumwa. Hapo ndipo baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema, “Huyu bwana hana mdogo wala mkubwa. Huyu ni hatari.”

Kisha kikaja kipindupindu. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wamehamishiwa vijijini waishi pamoja, na sehemu nyingine nyumba zilitangulia, vyoo vikabaki vya baadaye. Sisemi ili kulaumu. Nilikuwapo, nilipiga makofi kwenye mikutano kama wengine. Nasema tu kwamba Bwana Afya alikuwa amepita kila mahali na fimbo yake akiomba mashimo kabla ya kuta. Ugonjwa ulipozuka katika vijiji vya Handeni, watu walikufa asubuhi wakazikwa jioni. Vilabu vya pombe vikafungwa, matanga yakapigwa marufuku, na kupeana mkono kukawa kosa hata kwa wasiomjua Bwana Shimo.

Siku hizo hizo jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mkata mkonge Mzigua, alifiwa na mama yake huko Handeni, kifo cha uzee tu, kabla hatujasikia kwamba ugonjwa umefika upande ule. Mtu wa kambi hafiwi peke yake. Kambi yetu ilikuwa na Wabena, Wahehe, Waha, Wamakonde, Waislamu na Wakristo, na kwa kuwa kila mmoja aliacha ukoo wake mbali, tulijifanya ukoo mmoja. Wenzake kumi na mmoja wa kundi lake la ukataji wakaomba ruhusa ya siku tatu, mnyapara akawapa, wakaenda naye. Walipokuwa wakirudi wakakuta kamba imefungwa barabarani na Bwana Afya amesimama katikati. Kijiji walichozika kilikuwa kimeanza kuzika wengine. Akawaweka katika shule iliyofungwa, akawachimbisha choo, akawachemshia maji, akalala nao hapo hapo. Hakuna aliyepita.

Hakuwa na amri. Amri ya kuzuia watu ilipaswa kutoka wilayani, ikiwa na sahihi na muhuri, na wakubwa wenyewe walikuwa vijijini usiku na mchana wakihangaika na wagonjwa. Alifunga kamba kwanza, karatasi akaiomba baadaye, na ilipofika siku zilikuwa zimeshapita. Lakini alikumbuka jambo moja ambalo wenye vyeo vikubwa hawakulikumbuka: kwamba wale watu walikuwa na mwajiri. Kanuni ya nidhamu ya shamba ilisema asiyeonekana kazini kwa siku kadhaa mfululizo bila taarifa ni mtoro, na mtoro huachishwa. Na aliyeachishwa hutoka kwenye nyumba ya kambi, yeye na watoto wake na kuku wake. Kwa hiyo akaandika barua kwa meneja, majina kumi na mawili, sababu, na sahihi yake chini. Akampa dereva wa lori la serikali lililopeleka unga kizuizini.

Barua ile niliipokea mimi. Dereva aliinyoosha kupitia dirisha la lori ikiwa imebanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa, akasema, “Mama, hii inatoka kule kwenye ugonjwa, ya meneja.” Meneja alikuwa Tanga mkutanoni. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne, mzaliwa wangu wa kwanza, ambaye nilikuwa nikikimbia kumnyonyesha kila siku saa sita mchana. Nikaishika ile bahasha kwa ncha za vidole, nikaipeleka nyuma ya ofisi, nikaiweka juu ya kisiki juani na jiwe juu yake, ili vijidudu vife. Nilijiambia nitaifungua kesho. Kesho nikaongeza siku moja ya jua. Usiku wa tatu ikanyesha mvua, na asubuhi palikuwa na jiwe na kitu kama uji wa karatasi. Nikanawa mikono mara nne. Sikumwambia mtu.

Meneja aliporudi, marobota yalikuwa yamepungua na simu ya makao makuu haikuacha kulia. Alisikia kwamba watu wake wamezuiwa. Kambi nzima ilijua. Akaniambia, “Maneno ya kambini si taarifa. Karatasi iko wapi?” Nikaanza kupanga karatasi za mezani. Akaniagiza nipige barua za kuachisha kazi. Nilipiga kumi na mbili, kila moja na nakala mbili za kaboni, na ya jirani yetu niliikosea mara tatu.

Mke wa jirani ndiye aliyekwenda kizuizini. Alitembea kutwa na mtoto mgongoni, akasimama mbali na kamba kama alivyoamriwa, akapaza sauti. Kisa hiki alikisimulia kambini mpaka watoto wakakijua kwa moyo.

“Bwana Afya, umetuulia waume!”

“Wazima wote, mama. Kesho kutwa nawaachia.”

“Wazima wa nini? Wamefukuzwa kazi! Tumepewa mpaka Jumamosi tuhame. Nihamie wapi na hawa watoto, kwenye hiyo shule yako?”

Mama yule alisema kwamba Bwana Afya aliketi chini barabarani. Kisha akauliza, “Barua yangu haikufika?”

Kikao kilifanyika ofisini kwetu. Walikuwapo kamati ya wafanyakazi, meneja, Afisa Kazi kutoka mjini Korogwe, na Bwana Afya na koti lake la kaki lililopauka. Wale kumi na wawili walisimama nje dirishani. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Afisa Kazi alikuwa mtu mwema na alitafuta njia. Aliisoma amri ya wilaya, akaitazama tarehe, akatikisa kichwa. “Hii inaanza Jumatatu. Kwa siku za nyuma hainisaidii. Lakini kama mwajiri alipewa taarifa, huo si utoro, hata bila amri.”

“Niliandika barua,” Bwana Afya akasema.

Meneja akanigeukia. “Mwandishi, tulipokea barua yoyote?”

Nilisema, “Hapana, bwana meneja.”

Bwana Afya alinitazama. Mimi niliutazama ukurasa. Kisha akasema taratibu, “Basi itakuwa imepotea njiani. Tuendelee.”

Afisa Kazi akamfungulia mlango wa mwisho, na ulikuwa mlango wa kumwokoa yeye. “Bwana Afya, pengine hukuwazuia. Pengine uliwashauri tu, wao wakakaa kwa hiari yao?” Kila mtu mle ndani alielewa. Akikubali, hakuvunja sheria yoyote, na wale dirishani ni watoro.

“Sikumshauri mtu,” akasema. “Niliwazuia. Mmoja alitaka kuruka kamba nikamshika miguu tukaanguka wote. Waliniomba, walinitukana, niliwafungia. Sikuwa na amri na nilijua sina. Andika hivyo, mwandishi. Uandike vizuri.”

Nikaandika. Kwa maneno hayo Afisa Kazi akaamua kwamba waliozuiwa kwa nguvu na mtumishi wa serikali hawakutoroka, na kumi na wawili wakarudi kazini siku iliyofuata. Na kwa maneno hayo hayo, yaliyoandikwa vizuri kwa mkono wangu, mwenyewe akashitakiwa kwa kuzuia raia bila mamlaka, akashushwa cheo na kuhamishiwa mbali kusini, ambako alikaa mpaka alipostaafu. Hakuna mtu wa kambi yetu aliyeugua. Katika shule ile waliugua wawili, akawaponya hapo hapo kwa maji ya chumvi na sukari. Wangefika kwetu, kwenye vile vyumba vya ukuta kwa ukuta, mwanangu mchanga angekuwa jirani yao.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye sokoni Korogwe, amezeeka, anachagua ndizi. Nikampa shikamoo, akaniitikia, nikaanza kumweleza habari za kisiki na jiwe. Hakunisubiri nimalize.

“Nilijua, mwanangu. Dereva alirudi akaniambia kampa mama wa ofisini, kaipokea kama anaokota jongoo.”

“Mbona hukusema, mzee?”

“Ningesema, wa kufukuzwa wangekuwa kumi na watatu.”

Nililia pale pale mbele ya wauza nyanya. Nikamwomba radhi. Akaniambia yeye hana la kusamehe, ila kama nina radhi ya kuomba nikaiombe kwa wale waliosimama dirishani. Wengi walikuwa wameshakufa. Waliobaki sikuwaendea, kwa sababu nilikuwa nimeshakuwa mtu wa magazeti, mtu wa kuwaambia wengine ukweli. Leo naiomba hapa, mbele yenu, na najua nimechelewa.

Ugonjwa huu wa barakoa ulipoingia juzi, nilisoma mabishano yale yale kwa lugha mpya. Nani alizuiwa na nani alijizuia. Mwajiri alijulishwa au hakujulishwa. Wanasheria wetu wamesoma kuliko Afisa Kazi wa siku zile, na kanuni zimeongezeka, na ni heri ziongezeke. Meneja wangu hakuwa katili. Alitaka karatasi, na mwajiri ana haki ya kutaka karatasi. Lakini nimefanya kazi ofisini ujana wangu wote, na najua kwamba haki ya mfanyakazi, kabla haijafika kwa mwenye kuamua, hupita mikononi mwa mtu mdogo asiyetajwa na kanuni yoyote. Maradhi yakija, yule mtu huogopa. Simlaumu kwa kuogopa, nami niliogopa. Dhambi yangu haikuwa ile bahasha juani. Dhambi yangu ni neno “hapana”, nililolisema wakati ugonjwa umeshapita na hofu iliyobaki ni ya kiti changu tu.

Basi wewe uliyeko leo mapokezini, au kwenye idara ya utumishi, au unayeshika simu ya bosi: ikikujia taarifa ya mtu aliyezuiwa na maradhi, nawa mikono, vaa unachovaa, kisha uifungue siku hiyo hiyo. Na kama umeshachelewa, ukiulizwa, sema ilifika. Utaadhirika kwa wiki moja. Usiposema, atatokea mtu mwema wa kulipa badala yako, nawe utaishi naye kichwani mpaka siku watakapokupigia simu kwamba ameshazikwa.