Tangu Nigombee Ubunge Hawaniruhusu Kuchimba Kaburi

Admin, shikamoo kama unanizidi umri, na kama hunizidi basi marahaba. Naomba unifichie jina, ingawa najua ni kazi bure, maana picha yangu imebandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha stendi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto wanne. Naendesha mashine ya kukoboa mpunga huku Ubaruku, na safari hii, Mungu anisamehe, ni mgombea ubunge.

Chekeni tu. Hata mke wangu alicheka. Nilipomwambia aliangalia pumba kwenye nyusi zangu akasema, "Baba Neema, nawa kwanza ndiyo ugombee."

Kwetu ni Kalenga, Iringa. Huku nilikuja kijana, kibarua wa kubeba magunia, simjui mtu. Mwaka wa pili tukafiwa na mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na miezi saba. Nilikaa mlangoni nimeduwaa, sijui hata makaburi ya huku yako upande gani. Akaja jirani ambaye tulikuwa hatujawahi hata kusalimiana, Mnyakyusa mmoja, nitamwita Ambokile, beleshi begani na wanaume sita nyuma yake. Akaniambia, "Wewe kaa na mama. Hii kazi yetu."

Tangu siku ile sijakosa kaburi hata moja mtaani kwetu. Kuhutubia sijui, suti sina, lakini kaburi nitakalochimba mimi kuta zake zimenyooka utadhani nimepiga timazi. Nilikuja mgeni, nikawa mwenyeji kwa beleshi.

Na aliyenisukuma kugombea ni huyohuyo Ambokile. Kila msimu kilio chetu ni maji ya mfereji: wenye mashamba ya juu wanajaza, sisi wa chini mpunga unakauka tunautazama. Siku moja tumekaa juu ya kifusi tunasubiri jeneza, akasema, "Kamwene," ndivyo anavyoniita, kwa salamu ya Kihehe, "hapa kila mtu unamjua mpaka kaburi la bibi yake. Gombea wewe." Wachimbaji wote wakaitikia. Nami kwa ujinga wangu nikachukua fomu, kupitia chama kidogo ambacho mkutano wake wa kwanza ulihudhuriwa na watu kumi na wawili na mbuzi.

Kampeni zilipoanza, mama mmoja wa mtaa wa pili akafariki. Asubuhi nikafika na beleshi langu kama siku zote. Sijatoa hata ndoo ya udongo, mtoto mkubwa wa marehemu akanishika mkono. "Baba, samahani sana. Msiba wa mama yetu tusiufanye mkutano wa kampeni."

Nikawaangalia wenzangu. Mmoja wao, ambaye baba yake nilimchimbia mimi kwenye mvua, akalitoa beleshi mkononi mwangu taratibu akasema, "Mheshimiwa, kakae kwenye viti."

Nikakalishwa mstari wa mbele na suruali yangu ya kuchimbia, bega kwa bega na mgombea wa chama kikubwa aliyekuja na magari matatu. Akanipa mkono. "Pole na kazi," akasema. Nadhani hata hakuwa ananidhihaki.

Msiba uliofuata nikaona nisilete maneno, nikabaki nyumbani kwa wafiwa na wazee. Kesho yake sokoni wanasema, "Ameanza kujiona. Beleshi limekuwa zito siku hizi."

Hayo yote ningeyavumilia. Sasa Ambokile anaumwa. Hospitali wameturudishia tumuuguze nyumbani, na mnajua maana yake. Zamani tulikubaliana kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemchimbia. Juzi nimemkuta amelala ubavu, mifupa mitupu, bado ana utani wake wa kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa. "Kamwene, nichimbie refu, miguu yangu unaijua. Na mbwa wa jirani uwaache, siku hiyo utakula wali kama watu." Nikacheka, nikatoka nje nikalia kwenye banda la kuku.

Kampeni bado wiki tano. Daktari hakututajia wiki tano.

Mwanawe mkubwa anavaa fulana ya yule mgombea wa magari matatu, na familia ndiyo inayoamua nani ashike beleshi. Nilimfuata nikamweleza ahadi yetu. Akanijibu kwa heshima zote, "Baba mdogo, uchaguzi ukiisha wewe ni wetu. Kabla ya hapo watu watasema."

Nikamwambia Ambokile natangaza kujitoa. Sijawahi kumwona amekasirika vile, mtu hawezi hata kunyanyua kikombe. "Ukijitoa kwa ajili yangu, usikanyage msiba wangu! Nani atasemea maji?" Mke wangu anasema jitoe, rafiki ni mmoja. Wenzangu wa chama wanasema nikijitoa itaonekana nimenunuliwa, na hapo hakuna atakayenipokea tena makaburini wala mashineni. Kwa hiyo nikibaki simchimbii, nikijitoa simchimbii.

Jumapili kanisani mchungaji alisema kila mtu aombe kwa lililo moyoni mwake. Nikafumba macho, nikakosa la kuomba. Nishinde? Nishindwe? Au nimwombe Mungu amwache mtu kwenye maumivu wiki tano zaidi ili mimi nipate kumzika ninavyotaka?

Beleshi nimelisafisha, liko nyuma ya mlango. Simu ikiita nalitazama kwanza ndipo napokea.

Ndugu zangu mliopitia mengi, mimi akili imegota, nielekezeni cha kufanya. Na ninyi wa jimboni kwangu ambao mmeshanijua, haki ya Mungu, leo siombi kura.