Siku Sita za Fungate na Zawadi za Watu Thelathini na Mmoja

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapokubeba uani asubuhi, Mlima Meru ukiwa umejifunika ukungu hadi kiunoni. Ulikuwa hujazaliwa. Mimi na mama yako tulikuwa na siku nane tu katika ndoa, na kamati ya harusi yetu ilikuwa imekutana Njiro, nyumbani kwa mhazini wake, Mama Shirima, ili ivunjwe. Kwetu harusi haiishii kanisani. Huisha siku ile wanakamati wanaposomewa kilichoingia na kilichotoka, wakala nyama yao ya mwisho, wakacheka na kuagana.

Sasa una miezi saba, nami sijafikisha hata miaka thelathini. Najua ni mapema kukupa nasaha. Lakini mimi ni mtu wa kuwaza mambo kabla hayajafika, na naogopa kwamba utakapofikia umri wa kufunga ndoa nitakuwa nimesahau jinsi jambo hili lilivyouma. Kwako wewe mimi ni mzee tayari, basi nisikilize hivyo.

Siku ile Mama Shirima alisoma hesabu, ikaonekana kuna salio. Wanakamati wakakubaliana kwamba tupewe sisi, tuliongezee kwenye akiba yetu ya fungate. Tulikuwa tunakwenda Istanbul. Si mimi niliyechagua. Mama yako, Upendo, alikuwa ameutaka mji ule tangu akiwa shule, kwa sababu ya picha moja katika kitabu cha jiografia: mji mmoja uliokaa juu ya mabara mawili, na maji yakipita katikati. Alitaka kunywa chai asubuhi bara moja, avuke, ale chakula cha jioni bara la pili. Hilo tu. Aliniambia hivyo tukiwa bado wachumba, macho yake yakiwa mbali, na mimi nikamwahidi.

Tangazo lilipotolewa, mizaha ikaanza. Mama Shirima akasema yeye mkoba wa ngozi tu, wala hana makuu. Mzee Hasmukh, mwenye duka la vitambaa ambaye mama yangu alimshonea miaka mingi, akasema nimletee kahawa ya huko aone kama inaweza kusimama mbele ya kahawa ya Meru. Mwingine akataka manukato, mwingine viatu namba arobaini na tatu. Walikuwa wanacheka. Nami nilicheka, lakini kichwani nilikuwa naandika.

Nilijua nusu yao wanatania. Tabu yangu ni kwamba sikuweza kujua ni nusu ipi. Watu hawa walikuwa wamechanga. Walikuwa wameazimisha magari, wamepanga viti, wamekesha na sufuria. Niliwaza: nikirudi mikono mitupu, watasemaje? Nikimpa huyu na nikamruka yule, je, yule atachangia tena jambo letu? Usiku ule, chumbani kwetu Engutoto, nikaandika majina thelathini na moja, na mbele ya kila jina zawadi yake na bei niliyoikadiria.

Fedha zetu za matumizi, baada ya kulipa tiketi na chumba, zilikuwa dola mia saba. Nilizigawa kwa siku sita. Nilipanga chakula, usafiri, viingilio, maji ya kunywa, mpaka bakshishi. Nikatenga dola sitini za dharura, nikaziweka ndani ya soksi. Za zawadi zilianza kuwa mia moja. Kila nilipoupitia ule mpango, ziliongezeka, na zilipoongezeka kitu kingine kilipungua. Mama yako aliniona nikifuta na kuandika. Akaniuliza kama kuvuka kwetu kumo. Nikamwambia kumo, siku ya sita.

Mwanangu, natamani ningeweza kukusimulia mji ule. Sikuuona. Niliona maduka. Nilikuwa natembea na karatasi mkononi, natafuta mkoba wa Mama Shirima, nabishana bei kwa vidole, huku mama yako akiwa hatua kumi nyuma yangu, amesimama, anatazama juu. Nilidhani amechoka. Mara mbili nilimwambia aharakishe.

Mchana tulikula mkate wenye ufuta, ule wa duara wanaouza kwenye vigari barabarani, kwa sababu fungu la chakula lilikuwa limeshapunguzwa. Siku ya kwanza ulikuwa mtamu. Siku ya nne mama yako aliuvunja vipande vipande, akawapa njiwa.

Siku ya sita tulishuka mpaka ukingo wa maji. Mwezi wa saba jua la kule halina haraka. Saa mbili usiku lilikuwa bado lipo, limelala juu ya maji, na upande wa pili madirisha yote yalikuwa yanawaka kama nyumba ambamo watu wanakungoja. Vivuko vilikuwa vinakwenda na kurudi. Nauli yenyewe haikuwa kitu. Lakini chakula cha watu wawili ng'ambo, nilikuwa nimeuliza bei yake, na kilichobaki kwangu hakikutosha, kwa kuwa asubuhi nilikuwa nimenunua viatu namba arobaini na tatu. Zilibaki zile sitini za soksini. Nikawaza: je, ndege ikiahirishwa? Je, mizigo ikizidi uzito? Je, mmoja wetu akiugua? Nikamwambia Upendo kwamba fungu la kuvuka limekwisha, tutavuka safari nyingine, Mungu akipenda.

"Sawa, Eli," akasema.

Hakulia. Hakununa. Aliketi kwenye ngazi za mawe, akatazama ng'ambo mpaka taa zikawashwa. Njiani kurudi nyumbani, kila nilichomuuliza alijibu sawa, na mimi, mtu wa kuwaza kila kitu, sikulifikiria hilo neno hata mara moja.

Jumapili iliyofuata tukaenda Akheri kwa bibi yake, mama wa baba yake, aliyemlea. Ulikuwa msimu wa baridi, migomba inadondosha maji, na yeye alikuwa jikoni kando ya moto amejitanda blanketi. Tukamwamkia, akaitika marahaba, tukakaa. Nikamkabidhi mtandio wa sufu, mzuri kwelikweli. Akaupapasa, akashukuru, akauweka mapajani. Kisha akamgeukia mjukuu wake kama mtu aliyekuwa akingoja hadithi tangu zamani.

"Enhe. Na ule upande wa pili, wakoje watu wake?"

Upendo alitazama moto. "Niliuona, Bibi. Kwa mbali."

Bibi akageuka. Akanitazama mimi. Nikaanza kujieleza: habari za kamati, za michango, za watu wasije wakasema. Nilidhani ataelewa, yeye ni mtu wa kulipa fadhila. Nikatoa hata ile karatasi, iliyojaa alama za vema, nikamwonyesha kwamba sikumsahau mtu.

"Mimi nilikuwa wa ngapi humo, baba?"

Nikamwambia alikuwa wa tatu.

"Na mkeo ni wa ngapi?"

Nililishusha jicho kwenye majina yale taratibu, kana kwamba ningelikuta jina lake. Kuni zililia. Upendo hakugeuka kunitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angegeuka.

Bibi hakupaza sauti. Aliukunja mtandio mara nne, akasema, "Babu yenu alipokuwa anakwenda mnadani, nilimwambia kila mara aniletee zawadi. Miaka yote ile aliniletea chumvi, au asilete kitu. Hatukugombana hata siku moja. Nilichotaka ni arudi salama, akae hapo ulipokaa wewe, anisimulie alichokiona. Wewe umeniletea kitambaa, Eli. Na huyu mtoto wangu umemrudisha hana la kunisimulia."

Hatukukaa sana baada ya hapo. Tulipofika Tengeru, njaa ilituuma, tukaingia kwenye kibanda cha mishikaki kando ya barabara. Nikamwomba Upendo msamaha kwa ajili ya kile kivuko. Akatikisa kichwa.

"Si kivuko. Uligawa fedha zetu siku tatu mfululizo, na hukuniuliza hata mara moja mimi nataka nini."

"Nilijua unachotaka."

"Ulikijua, halafu ukakiweka mwisho."

Kwa mara ya kwanza, mwanangu, sikujaribu kujitetea. Nikamuuliza badala yake, alikuwa anatazama nini zile siku zote alizokuwa nyuma yangu. Aligeuza mshikaki wake mara mbili tatu. Kisha akaanza, kwanza kwa shingo upande, halafu kwa sauti ile ya zamani. Akaniambia juu ya paka aliyelala kwenye mizani ya muuza viungo, na mwenye duka akawa anangoja aamke ndipo apime. Juu ya mzee aliyemwagilia maua ya dirisha la jirani yake kwa birika la chai. Juu ya ndege weupe walioruka usiku juu ya minara yenye taa, matumbo yao yaking'aa, mpaka akadhani ni karatasi. Nilikuwa hatua kumi mbele yake. Mji wote ule nimeuona Tengeru, kwa mdomo wake, mishikaki ikipoa, ukungu ukishuka juu ya barabara.

Mpaka leo hatujavuka yale maji. Nakuambia ili usidhani kila kosa hurekebishwa kwa kuombwa msamaha.

Basi sikiliza. Siku ukishika fedha za safari pamoja na umpendaye, usianze na kalamu. Anza na swali. Muulize ni kitu gani kimoja akikikosa atarudi mtupu, naye akuulize wewe, na hivyo viwili mvitengee fungu kabla ya chakula na kabla ya watu wa nyumbani, kisha mvifanye siku ya kwanza, wakati fedha na miguu bado vina nguvu. Tenga ya dharura pia, mimi siwezi kukuambia usiitenge. Lakini moyo wa mwenzio ukianza kurudi nyuma, hiyo nayo ni dharura, ifungue soksi. Zawadi zitoke kwenye kinachobaki. Pakiti moja ya peremende ikigawanywa mezani huku mkisimulia inatosha. Mzee Hasmukh, kwa taarifa yako, alishasahau kwamba aliniagiza kahawa.

Nenda mbali, mwanangu, na Mungu akupe mtu wa kutembea kando yako, asiye mbele wala nyuma. Maji utakayoyafikia, uyavuke. Barabara zikurudishe salama mpaka mlangoni kwetu, na mikono yako hata ikiwa mitupu, uwe na mengi ya kutusimulia. Amina.