Waya Niliokaza

Harufu ya klachi inayoungua naijua hata nikiwa ndani nimefunga mlango. Bodaboda akipita kupandisha mlima wa Litembo, injini ikilia na pikipiki haisogei, naacha ninachofanya. Narudi kuwa na miaka kumi na minne, nimechuchumaa barazani, vidole vyeusi.

Mama alitangulia, baba akafuata mwaka mmoja baadaye. Niliacha shule kidato cha kwanza, maana mdogo wangu Hyasinta alikuwa na miaka minne na hapakuwa na mwingine wa kumpikia uji. Baada ya matanga, baba mdogo alitoka Mpepai akatueleza uamuzi wake bila kupandisha sauti. Otmari, anayenifuata, angepelekwa Lituhi kwa shangazi. Hyasinta angekwenda naye Mpepai. Mimi ningehamia kwa bibi. Nikamwambia pikipiki ya baba ipo; ikitembea, jirani yetu Kasiani ataifanyia bodaboda atuletee hesabu kila siku, na sisi tutakula nyumba moja.

"Hiyo?" Akaitazama ilivyoegemea ukuta. "Klachi imekufa. Hata kuku wamejua, wanailalia."

"Nitaibadilisha, baba."

"Haya. Jumapili baada ya misa nakuja. Ikipanda mlima na kurudi, mtabaki. Isipopanda, wafungie wadogo zako nguo."

Nilikuwa nimemshikia marehemu baba spana mara mbili tu. Mengi nilisahau, ila nilikumbuka kwamba kila sahani aliyoitoa kwenye klachi aliitunga kwenye kamba ya mgomba, kama mtungo wa samaki wa ziwani, zisije zikachanganya mpangilio. Nami nikatunga vivyo hivyo.

"Dada, hizi tunakaanga au tunachemsha?" Otmari akauliza. Hyasinta alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka.

Sahani mpya nilizonunua Mbinga mjini nilizipanga moja moja, nikifuata mtungo. Gasketi niliikata kwenye boksi la sabuni. Nilipofika kwenye waya wa mkono wa klachi, nikaukaza. Nikaukaza tena, ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo mbichi. Siku zile niliogopa kila kilicholegea. Baba akifunga magunia ya kahawa alikuwa akisema, "Kaza, mwanangu, kaza," na kulikuwa na neno la kumalizia, lakini halikunijia.

Jumapili baba mdogo alifika na shati jeupe la kanisani. Tukamwamkia shikamoo wote watatu, kwa pamoja kama darasani. Akapiga kiki, ikawaka. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Ikakata kona nyuma ya mibuni, mlima ulipoanzia, na hatukuiona tena.

Kisha injini ikapiga kelele. Harufu ikatufikia. Kisha kimya.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Otmari aliingia ndani, nikamsikia akivuta begi uvunguni. Sikumzuia.

Halafu muungurumo ukarudi, wa chini, mzito, ukapanda, ukapanda, mpaka ukasikika juu kabisa kileleni. Alipofika uani, mkono wa shati ulikuwa mweusi hadi kwenye kiwiko.

"Baba mdogo, shati!" Hyasinta akapiga kelele.

"Shati ni la kufuliwa."

"Nilisikia imezima," nikasema.

"Nilikutana na mtu, tukasalimiana. Umefunga vizuri. Mwambie Kasiani aanze kesho."

Mwaka uliofuata waya ulikatika. Nilipofunua raba kwenye mkono wa klachi, nikakuta karatasi iliyokunjwa, imebana nati ya kurekebishia waya, iliyokuwa haishiki. Ilikuwa kipande cha bahasha ya zaka, na jina la baba mdogo juu yake. Alikuwa ameulegeza waya wangu kule nyuma ya kona. Ndipo maneno ya baba yakanijia yote: "Kaza, mwanangu, kaza, ila acha pumzi kidogo." Waya uliokazwa vile hauiachi klachi ishike, na sahani zangu zingeungua zote kabla ya kileleni.

Siku ile nilipoikuta karatasi niliona aibu tu, kwamba nilikosea. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtu aliyetaka kututenganisha angeirudisha pikipiki akiisukuma, na shati lake lingebaki jeupe.

Sikumwambia kamwe kwamba nimejua. Nilipofunga waya mpya, niliuachia pumzi, nikakirudisha kile kipande cha bahasha mahali pake.